Kwa nini majenerali wa Marekani hawapindui serikali



Katika kikundi cha vijana cha parokia yetu kuna swali ambalo limerudi mara tatu au nne. Tangu jina la Washington lianze kusikika redioni kila siku, kwa ajili ya mapatano kati ya nchi yetu na Rwanda yaliyotiwa sahihi kule tarehe 27 mwezi wa sita 2025, vijana wanauliza: kule Marekani nani anatawala kweli? Ni rais, au ni majenerali wa Pentagon? Na kama majenerali wana ndege, manowari na mabomu kushinda jeshi lolote duniani, kwa nini hawajawahi kumwondoa rais na kuketi kwenye kiti chake?

Kijana mmoja hakuuliza, alisema. Ni kijana mwenye akili, amemaliza masomo na hana kazi. Alisema: "Mchungaji, raia wameshindwa. Tazama Mali, Burkina Faso, Niger. Afadhali askari mmoja mwenye nguvu achukue nchi na kuisafisha." Wenzake walipiga makofi. Siku ile sikuwa na jibu zuri. Nilitaja Waroma 13, nao wakaniangalia kama mtu anayekwepa swali. Kwa kweli nilikuwa nakwepa. Ndiyo maana nimetafuta, nimesoma, na sasa ninaandika.

Sitaki kuwaletea sifa za Marekani. Sisi Wakongomani tuna sababu zetu za kutowasifu bure, na nitazitaja. Lakini jambo moja ni kweli: tangu katiba yao ianze kufanya kazi mwaka wa 1789, hakuna jenerali aliyepindua serikali yao. Jambo hilo lina historia, na historia hiyo inaanza na askari ambao hawakulipwa mshahara.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1783, vita vya kuwaondoa Waingereza vilikuwa karibu kwisha. Jeshi la Marekani lilikuwa limepiga kambi karibu na Newburgh, kando ya mto Hudson katika jimbo la New York. Maofisa walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Miezi mingi ilikuwa imepita bila mshahara. Waliahidiwa malipo ya uzeeni, wakaona ahadi inayeyuka. Bunge la wakati ule lilikuwa maskini kabisa, kwa sababu halikuwa na haki ya kutoza kodi. Liliomba fedha kwa majimbo, na majimbo yalitoa yalipotaka. Ndipo barua isiyo na jina la mwandishi ikapita kambini. Iliwaambia maofisa kwamba kama Bunge haliwalipi, wasikubali kuweka silaha chini. Kwa maneno mengine, walitishiwa wale waliowatuma vitani.

Mkuu wao alikuwa George Washington. Naye aliwaita maofisa wakutane tarehe 15 mwezi wa tatu, akaingia mwenyewe na kuwasihi wasichafue kazi yao kwa kugeuza silaha juu ya nchi yao. Wanahistoria wanasimulia kwamba hotuba hiyo haikuwalainisha sana. Kilichowalainisha ni kitu kidogo. Washington alitoa barua ya mbunge mmoja ili awasomee, akashindwa kuona maandishi, akatafuta miwani mfukoni. Wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona na miwani. Akawaomba radhi, akasema amepata mvi katika utumishi wao na sasa macho pia yanafifia. Maofisa waliozeeshwa na vita walilia. Alipotoka, walipiga kura kubaki watiifu kwa Bunge.

Mwishoni mwa mwaka uleule, tarehe 23 mwezi wa kumi na mbili, Washington alisimama mbele ya Bunge mjini Annapolis, akarudisha cheo chake cha kijeshi na kwenda nyumbani kwa shamba lake. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kumlazimisha. Watu wa Ulaya walistaajabu, maana walizoea mshindi wa vita kuwa mfalme.

Lakini tusidanganyike kwamba yote yalitoka kwa moyo mzuri wa mtu mmoja. (Na Washington mwenyewe alikuwa na watumwa shambani mwake, mtu mmoja anaweza kuwa mwaminifu katika jambo moja na kipofu katika lingine.) Katikati ya mwaka uleule, mwezi wa sita, askari wengine wasiolipwa waliasi huko Philadelphia. Walilizunguka jengo ambamo wabunge walikuwa wameketi, bunduki mikononi, wakidai haki yao. Bunge liliomba wakuu wa jimbo la Pennsylvania walete wanamgambo wa kulilinda; wakuu wakasitasita. Basi wabunge walifunga mizigo yao, wakakimbilia Princeton.

Aibu ile haikusahauliwa. Katiba ilipoandikwa mwaka wa 1787, waliweka humo kwamba makao ya serikali yatakuwa kwenye eneo la pekee, lisilo chini ya jimbo lolote, ili Bunge lisiombe tena ulinzi kwa mtu. Mji wa Washington tunaousikia leo redioni ulizaliwa kwa sehemu kutokana na uasi wa askari wasiolipwa.

Wasomaji wenye umri wangu hawahitaji maelezo marefu hapa. Tulikuwa watoto wakati wa uporaji wa mwaka wa 1991 na ule wa 1993, tulipojifunza maana ya askari mwenye bunduki na mfuko mtupu. Katika Luka 3 askari wanamwendea Yohana Mbatizaji na kumwuliza wafanye nini, naye anawaambia wasimnyang'anye mtu na waridhike na mshahara wao. Tumehubiri sana nusu ya kwanza ya jibu hilo. Nusu ya pili inadhani kwamba mshahara upo na unafika.

Sasa waandishi wa katiba yao walikuwa na hofu mbili. Waliogopa nchi isiyo na jeshi, maana itamezwa. Waliogopa pia jeshi la kudumu, maana walikuwa wameona askari wa mfalme wa Uingereza wakiwekwa katikati ya raia wa Boston na kuwafyatulia risasi mwaka wa 1770. Jibu lao lilikuwa kuugawa upanga. Rais ni kamanda mkuu, na rais ni raia. Lakini rais hana fedha. Fedha ziko kwa Bunge, na katiba inakataza Bunge kutenga fedha za jeshi la nchi kavu kwa muda unaopita miaka 2. Maana yake ni kwamba hata kama jeshi lina nguvu namna gani, baada ya miaka 2 ni lazima lirudi mbele ya watu waliochaguliwa na kuomba. Kutangaza vita pia ni kazi ya Bunge. Na maofisa hawapandi vyeo vya juu bila kibali cha Seneti.

Nilipoliona jambo hilo la miaka 2 nilikumbuka Kumbukumbu la Torati 17, mahali Mungu anapoweka mipaka ya mfalme wa Israeli: asijiongezee farasi. Farasi wa siku zile ni vifaru vya leo. Mfalme anaruhusiwa kuwepo, lakini jeshi lake linahesabiwa na sheria iko juu yake, naye anapaswa kujiandikia nakala ya sheria hiyo na kuisoma siku zote za maisha yake.

Kiapo nacho kina uzito wake. Ofisa wa Marekani haapi kumtumikia rais. Anaapa kuitetea katiba. Askari wa kawaida anaapa pia kutii amri za rais na za wakubwa wake, lakini katiba inatajwa kwanza. Ofisa aliye kazini akitukana rais au Bunge kwa maneno ya dharau anaweza kushitakiwa katika mahakama ya kijeshi.

Lipo jambo lingine ambalo wengi hawalijui: kwa muda mrefu jeshi lao lilikuwa dogo. Mwaka wa 1939, vita vikuu vya pili vilipoanza Ulaya, jeshi lao la nchi kavu lilikuwa na askari chini ya 200.000. Kila vita ilipokwisha, askari walirudishwa kwenye mashamba na viwanda. Jeshi dogo, lililotawanyika mipakani mbali na mji mkuu, halina urahisi wa kupindua serikali. Jeshi hilo dogo, hata hivyo, liliwatesa na kuwafukuza wenyeji wa asili kutoka katika ardhi zao kwa amri za raia waliochaguliwa kwa kura. Tuliweke hilo moyoni, tutalirudia.

Majenerali wengi walikuwa marais: Andrew Jackson, Zachary Taylor, Ulysses Grant, Dwight Eisenhower. Lakini walikipata kiti hicho kwa kuomba kura. Hata katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoua watu zaidi ya 600.000, uchaguzi wa mwaka wa 1864 haukuahirishwa. Mpinzani wa Rais Abraham Lincoln alikuwa Jenerali George McClellan, ambaye Lincoln alikuwa amemwondoa katika uongozi wa jeshi miaka miwili mbele. Jenerali huyo hakwenda kutafuta kikosi cha kulipiza kisasi. Alitafuta kura, akashindwa, na askari wengi waliopiga kura walimchagua Lincoln.

Sasa nije kwenye kisa ambacho nadhani kinafundisha kuliko vyote. Kwa sisi tunaosoma Biblia, kinatukumbusha Yoabu.

Yoabu alikuwa jenerali hodari wa Daudi. Alimwua Abneri wakati Daudi amekwisha kufanya amani naye. Alimwua Absalomu ingawa mfalme aliamuru kijana aachwe hai. Alimwua Amasa aliyewekwa kwenye nafasi yake. Na Daudi, mtu aliyemwangusha Goliathi, alilia kwamba wana wa Seruya ni wagumu mno kwake. Mfalme ana taji, jenerali ana jeshi, na kila mtu anajua nani anamwogopa mwenzake. Daudi hakuweza kumgusa Yoabu maisha yake yote. Alimwachia Sulemani kazi hiyo.

Jenerali Douglas MacArthur angeweza kuwa Yoabu wa Marekani. Alikuwa shujaa wa vita na Japani, na baada ya ushindi aliiongoza Japani kwa miaka mitano kama liwali. Vita vya Korea vilipoanza mwaka wa 1950 alipewa uongozi, na kwa kutua Inchon mwezi wa tisa aligeuza vita vilivyoelekea kushindwa. Rais wake, Harry Truman, alikuwa mtu wa kawaida kutoka Missouri. Katika vita vikuu vya kwanza Truman alikuwa kapiteni tu wa mizinga, wakati MacArthur alikuwa tayari jenerali. Ndugu zangu, tuseme kweli: katika nchi nyingi, jenerali wa namna hiyo hapokei amri za kapiteni wa zamani.

China ilipoingia vitani, MacArthur alitaka vita vipanuliwe mpaka ndani ya China. Truman aliogopa kuwasha vita vikuu vya tatu, akataka vita vibaki Korea na mapatano yatafutwe. Jenerali hakunyamaza. Alitoa matangazo yake mwenyewe yaliyopinga siasa ya rais, na barua yake ya kumlaumu ilisomwa ndani ya Bunge na kiongozi wa chama cha upinzani, mwezi wa nne 1951. Tarehe 11 ya mwezi ule Truman alimwondoa kazini.

Fikiria kilichofuata. Watu walimlaani rais. Jenerali aliporudi alipokewa na umati mkubwa sana barabarani, akahutubia Bunge lote. Truman alikuwa amepoteza mapenzi ya raia wengi. Kama palikuwa na siku ya jenerali kuvuka mstari, ndiyo hiyo. Lakini jeshi halikuondoka na jenerali. Aliyewekwa mahali pake, Jenerali Matthew Ridgway, alichukua kazi mara moja. Seneti iliita kikao cha uchunguzi, na wakuu wa majeshi, kati yao Jenerali Omar Bradley, walieleza mbele ya maseneta kwamba shauri la MacArthur lilikuwa baya na kwamba rais alikuwa na haki ya kumwondoa. Hasira ya watu ikapoa. MacArthur alimaliza siku zake akiwa mtu mwenye heshima, bila kikosi.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini Truman alikuwa nacho ambacho Daudi hakuwa nacho. Sidhani ni ujasiri. Daudi alikuwa na ujasiri mwingi. Ninavyoona mimi, jeshi la Daudi lilikuwa la Yoabu, na jeshi la Truman halikuwa la MacArthur. Mshahara wa askari haukutoka mfukoni mwa MacArthur. Chakula, risasi na vyeo havikutoka kwa ukoo wake wala kabila lake. Askari waliompenda, lakini hawakuwa watu wake. Tena, Daudi mwenyewe alikuwa amempa Yoabu siri ya kumshikia: ile barua ya kumwua Uria. Kiongozi anayemtumia jenerali kufanya uovu wa gizani hawezi tena kumhukumu jenerali mchana.

Baada ya vita vikuu vya pili sheria ziliongezwa. Sheria ya mwaka wa 1947 inataka waziri wa ulinzi awe raia. Aliyekuwa ofisa lazima awe ameacha jeshi kwa muda fulani: mwanzoni miaka 10, baadaye 7, na sasa 10 tena kwa majenerali. Bunge limetoa ruhusa ya kuruka sharti hilo mara tatu tu: kwa George Marshall mwaka wa 1950, James Mattis mwaka wa 2017 na Lloyd Austin mwaka wa 2021. Sheria ya mwaka wa 1986 ilipanga kwamba amri inatoka kwa rais, inapita kwa waziri, inafika kwa makamanda wa vikosi. Mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, ambaye tunamwona kwenye picha na nyota zake 4, ni mshauri. Haamuru kikosi hata kimoja.

Na bomu la atomiki? Hapa ndugu zetu wa Katanga wana sehemu yao. Madini mengi ya urani yaliyotumika katika kazi ya kutengeneza mabomu yaliyotupwa Japani mwaka wa 1945 yalitoka Shinkolobwe. Kazi yote iliongozwa na jenerali wa jeshi, Leslie Groves, na vita vilipokwisha wengi walidhani jeshi litabaki na bomu lake. Wataalamu walipinga, Bunge likabishana, na sheria ya mwaka wa 1946 iliiweka kazi hiyo mikononi mwa tume ya raia 5. Ruhusa ya kulitumia bomu ni ya rais.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema: basi wamefaulu. Ngojeni kwanza.

Kila mwaka, tarehe 17 mwezi wa kwanza, sisi tunamkumbuka Patrice Lumumba. Usiku wa siku ile, mwaka wa 1961, aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Saa chache baadaye, jioni ya Washington, tarehe ileile, Rais Eisenhower alikaa mbele ya televisheni kuwaaga raia wake. Jenerali huyo wa zamani, aliyeongoza majeshi yaliyoshinda Ulaya, aliwaonya kwamba hatari mpya imezaliwa: jeshi kubwa la kudumu limeungana na viwanda vikubwa vya silaha, na muungano huo unaweza kupata nguvu katika serikali ambazo hakuna mtu aliyezipigia kura. Ilikuwa hotuba ya ukweli na ya hekima.

Lakini ni serikali ya Eisenhower huyohuyo ambayo mwaka wa 1960 ilipanga kumwua Lumumba. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church iliyachunguza mambo hayo na kuyaandika mwaka wa 1975: idara yao ya upelelezi ilileta sumu mpaka Léopoldville. Sumu haikutumika, Lumumba aliuawa na wakuu wa Katanga, mbele ya maofisa wa Kibelgiji. Na baadaye, koloneli aliyeingilia serikali yetu mwezi wa tisa 1960, kisha akaichukua yote mwaka wa 1965 akiwa jenerali, alipokewa mara nyingi kama rafiki Washington. Nchi iliyokataza majenerali wake kuketi kwenye kiti cha rais haikuona shida jenerali wetu akikaa miaka 32.

Ninalisema hili kwa sababu vijana wetu wanachanganya mambo mawili. Jeshi kuwa chini ya raia kunaweza kuwalinda raia wa nchi ile dhidi ya jeshi lao. Hakuwafanyi raia hao kuwa watakatifu. Upanga ulioshikwa na mkono uliochaguliwa bado ni upanga. Mwaka wa 1942, kwa shauri la jenerali mmoja na kwa sahihi ya rais aliyechaguliwa, watu wapatao 120.000 wenye asili ya Japani, wengi wao wakiwa raia wa Marekani, walifungwa kambini. Mahakama Kuu ilikubali, na nchi iliomba msamaha kwa sheria mwaka wa 1988 tu.

Onyo la Eisenhower limezeeka vizuri. Bajeti yao ya ulinzi sasa inapita dola bilioni 800 kwa mwaka. Makampuni ya silaha huweka viwanda katika majimbo mengi, na mbunge ambaye watu wake wanafanya kazi kiwandani anaogopa kupunguza hata kitu ambacho jeshi lenyewe halikihitaji sana. Majenerali wastaafu huketi kwenye halmashauri za makampuni hayo. Kutangaza vita ni kazi ya Bunge, lakini mara ya mwisho Bunge lilitangaza vita rasmi ni mwaka wa 1942. Korea na Vietnam hazikutangazwa, na Iraki na Afghanistan zilipigwa kwa ruhusa pana ambazo marais walizivuta kama mpira. Jenerali hahitaji kupindua serikali ambayo inampa karibu kila anachoomba. Kijana aliyeuliza kama Pentagon ndiyo inatawala hakuwa mjinga.

Na katika miaka ya karibuni swali limegeuka. Zamani waliogopa jenerali atamtisha rais. Sasa wengi wao wanaogopa rais atalitumia jeshi juu ya raia. Iko sheria ya mwaka wa 1878 inayokataza jeshi kufanya kazi ya polisi bila ruhusa ya sheria, na iko nyingine ya zamani zaidi, ya mwaka wa 1807, inayomruhusu rais kuleta askari wakati wa uasi. Mwaka wa 1957 Eisenhower alituma askari wa miavuli wapatao 1.000 Little Rock, ili watoto 9 weusi waingie katika shule ambayo gavana aliwafungia kwa kutumia askari wa jimbo. Mwaka wa 1970, askari wa jimbo la Ohio waliwapiga risasi wanafunzi 4 wa chuo cha Kent State wakafa.

Tarehe 1 mwezi wa sita 2020, waandamanaji waliokuwa karibu na Ikulu walifukuzwa kwa nguvu, kisha Rais Donald Trump akatembea mpaka mbele ya kanisa la St. John's na kuinua Biblia mkononi mbele ya kamera. Mimi kama mchungaji picha ile iliniumiza. Nyuma yake alitembea Jenerali Mark Milley, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, amevaa nguo za vita. Siku 10 baadaye jenerali huyo aliomba radhi hadharani, akasema hakupaswa kuwa pale, kwa sababu alifanya watu wadhani jeshi limeingia katika siasa. Mwanzoni mwa mwaka wa 2021, baada ya umati kuvamia Bunge tarehe 6, wakuu wote wa majeshi walitia sahihi barua kwa askari, wakiwakumbusha kiapo chao na kwamba Joe Biden ataapishwa tarehe 20. Akaapishwa, katika mji uliojaa askari wapatao 25.000. Mabadiliko ya serikali yanayohitaji askari wengi namna hiyo ni mabadiliko yaliyougua.

Mwezi wa pili 2025, Trump aliporudi, alimwondoa mwenyekiti mpya, Jenerali Charles Brown. Ana haki hiyo, kama Truman alivyokuwa nayo. Mwezi wa sita alituma askari wa jimbo wapatao 4.000 na wanamaji 700 Los Angeles bila kibali cha gavana. Gavana akaenda mahakamani. Tarehe 2 mwezi wa tisa jaji mmoja aliamua kwamba sheria ya 1878 imevunjwa. Serikali ikakata rufaa.

Nilipowaeleza vijana hayo, yule wa "askari mmoja mwenye nguvu" alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Na kama jaji hatasikiwa?" Nilimwambia ukweli, kwamba katiba ni karatasi, na karatasi ya Marekani imesimama kwa sababu mara nyingi watu walio na bunduki waliamua kuitii, na kila kizazi kinapaswa kuamua tena. Kisha nilimwuliza mimi pia: huyo askari wako akiisha kusafisha nchi, nani atamwambia atoke? Akacheka, hakujibu.

Katiba yetu ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 188, inasema kwamba jeshi ni la taifa zima, halina chama, liko chini ya mamlaka ya raia, na anayeligeuza kwa faida yake ana kosa la uhaini mkuu. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda kundi lake la silaha. Katika kikundi chetu cha vijana 23, ni wawili tu waliokuwa wamewahi kuvisikia vifungu hivyo. Jumamosi ijayo saa nane tutavisoma pamoja na 2 Samweli 3. Atakayekuja alete Biblia, na mwenye nakala ya katiba kwa Kiswahili ailete pia, maana parokiani tunayo moja tu na kurasa za mwisho zimechanika.